Maneno ya Jinai katika Kiingereza: Yalikotoka, na Yanavyomkabili Mswahili

Mwanafunzi wetu anayejifunza Kiingereza hupita kwa wepesi katika maneno ya sokoni, ya shambani na ya safari, lakini afikapo kwenye maneno ya jinai na sheria husita. Huhisi kama kwamba amevuka mpaka akaingia nchi nyingine. Hisia hiyo ni ya kweli kuliko anavyodhani, maana sehemu kubwa ya Kiingereza kinachosemwa mahakamani si Kiingereza cha asili. Ni lugha iliyoletwa na watawala, ikawakaa Waingereza vichwani kwa muda wa karne nyingi, na wenyeji wakashtakiwa, wakahukumiwa na kunyongwa kwa maneno wasiyoyaelewa. Habari hizo zinatuhusu sisi walimu wa Kiswahili katika Uganda kwa jinsi mbili. Kwanza, ni habari ya watu waliohukumiwa kwa lugha ya wengine, nasi habari ya namna hiyo tunaijua. Pili, hata leo hapa kwetu mtu aweza kukamatwa kwa Kiswahili cha askari, akatoa maelezo yake kwa Kiateso au Kilugbara, kisha kesi yake ikasikilizwa kwa Kiingereza. Baina ya lugha hizo tatu, maisha ya mtu hupita mikononi mwa mkalimani.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Kabla ya mwaka 1066 walikuwa na sheria zao kwa lugha yao. Mfalme Æthelberht wa Kent, yapata mwaka 600, aliziweka sheria zake katika maandishi, nazo ziliandikwa kwa Kiingereza cha kale, wakati ambapo mataifa jirani ya Ulaya yalikuwa yakiandika sheria zao kwa Kilatini. Ukizisoma utaona kwamba ni orodha ndefu ya fidia: jicho lina bei yake, jino lina bei yake, na maisha ya mtu huru yana bei yake, shilingi 100. Wazee wetu waliohesabu damu ya mtu kwa idadi ya ng'ombe wasingeona ugeni wowote katika sheria hizo. Kutoka zama hizo Kiingereza kimebaki na maneno machache ya jinai, mafupi na mazito: "thief" ni mwizi, "steal" ni kuiba, "guilt" ni hatia, "oath" ni kiapo, "witness" ni shahidi. Hata hivyo neno "law" lenyewe, yaani sheria, halikuwa la Waingereza. Waliletewa na Wadenmark waliovamia na kulowea mashariki ya kisiwa chao.

Kisha akaja William wa Normandy na jeshi lake mwaka 1066. Mabwana wapya walisema Kifaransa, na pole pole mahakama za mfalme zikajaa maneno yao: "crime", "court", "judge", "prison", "arrest", "accuse", "felony", "treason", "robbery", "jury", "verdict", "sentence", "bail". Mwalimu akiyaandika maneno hayo ubaoni kwa safu mbili, ya wenyeji upande huu na ya wageni upande ule, jambo moja litaonekana mara. Tendo aghalabu lilibaki na jina la kienyeji, lakini shughuli ya kuhukumu tendo hilo ikavaa jina la kigeni. Mwizi aliiba kwa Kiingereza, akashtakiwa kwa Kifaransa.

Nani asiyeona kwamba Kiswahili nacho kina safu mbili za namna hiyo? Kuiba, kuua, kupiga, kufunga, kuapa, kukosa: haya ni maneno ya Kibantu. Lakini sheria, hukumu, hakimu, kadhi, shahidi, wakili, dhamana, hatia, jinai na rufani yalitoka katika Kiarabu. Baadaye ikaja safu ya tatu, ya korti, kesi, faini, jela na polisi, iliyoletwa na utawala wa Waingereza. Sipendi hata hivyo mfano huu uvutwe mno, kama wengine wanavyofanya. Maneno ya Kiarabu hayakuingia pwani kwa vita vya siku moja. Yaliingia pamoja na dini na biashara, yakazoewa na watu wenyewe, wakayavika viambishi vyao hata mtoto wa Lamu au wa Tanga asijue kwamba "ushahidi" una babu Arabuni. Kifaransa cha Wanormani kilibaki muda mrefu kikiwa lugha ya mabwana.

Neno moja la kienyeji lilipata historia ya ajabu, nalo ni "murder". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kuua kwa siri. Baada ya ushindi wa Wanormani, askari wa kigeni walikuwa wakiokotwa wamekufa misituni na vichochoroni, na wauaji hawajulikani. Utawala ukaweka amri: akionekana mtu ameuawa na muuaji asipatikane, tarafa nzima itatozwa faini, isipokuwa wenyeji wathibitishe kwamba marehemu alikuwa Mwingereza. Faini hiyo iliitwa kwa Kilatini cha mahakama "murdrum". Tafakari maana yake: maiti ya mgeni ina gharama, ya mwenyeji haina. Amri hiyo ilidumu hadi mwaka 1340 ilipofutwa, wakati ambapo watu wa makabila hayo mawili walikuwa wamekwisha oana na kuchanganyika hata haikuwezekana tena kuwatofautisha. Wasomaji waliosoma habari za faini za kijiji kizima katika makoloni ya Afrika watatambua kwamba ufundi huo haukubuniwa kwetu.

Lugha ya mabwana mahakamani ilianza kulalamikiwa mapema. Mwaka 1362 bunge la Mfalme Edward wa Tatu lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa kilikuwa hakijulikani tena na watu wengi nchini, na wenye kesi hawakuelewa yaliyosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Nayo iliagiza kumbukumbu za mahakama ziwekwe kwa Kilatini. Mawakili waliendelea kuandika vitabu vyao kwa Kifaransa kama kwamba hakuna lililotokea, ingawa Kifaransa chenyewe kilikuwa kimegeuka kuwa lugha isiyosemwa na Mfaransa yeyote. Mwaka 1631, katika kikao cha mahakama mjini Salisbury, mfungwa mmoja aliyekwisha tiwa hatiani alimrushia jaji kipande cha tofali, kikamkosa kidogo tu. Alikatwa mkono wa kulia, mkono ukapigiliwa kwenye mti wa kunyongea, naye akanyongwa papo hapo mbele ya mahakama. Wanasheria wa Kiingereza huikumbuka habari hiyo kwa sababu ya lugha ya mwandishi aliyeiweka katika maandishi: viungo vya sentensi ni vya Kifaransa, lakini tofali, kurusha na kukosa kidogo vyote amevitia kwa Kiingereza, maana Kifaransa chake hakikufika huko. Wanacheka. Sijui kama mfungwa yule alielewa walau neno moja katika hati iliyoamuru mkono wake ukatwe.

Mwaka 1650, baada ya kumuua mfalme wao, Waingereza waliamuru vitabu vyote vya sheria na kesi zote viwe kwa Kiingereza. Ufalme uliporudi mwaka 1660 amri hiyo ikatupwa pamoja na nyingine za jamhuri. Hatimaye bunge lilipitisha sheria mwaka 1731, ikaanza kutumika mwaka 1733, na tangu hapo Kilatini na Kifaransa vikaondoshwa katika mahakama za Uingereza. Toka 1362 hadi 1733 ni miaka 371. Wale wanaosema kwamba Kiswahili kimechelewa kuingia katika mahakama za Afrika Mashariki, na kwamba kuchelewa huko ni dalili ya udhaifu wa lugha, wangefaa kuikumbuka hesabu hiyo. Tena wangefaa kukumbuka kwamba Waingereza hao hao, walioteseka kwa lugha ya wengine, waliwafanyia majirani zao wa Wales vivyo hivyo: sheria ya mwaka 1535 iliamuru mahakama za Wales ziendeshwe kwa Kiingereza, na Mwelshi alisubiri hadi mwaka 1942 ndipo akapewa haki ya kutoa ushahidi kwa lugha yake, nayo ilikuwa haki yenye masharti.

Katika maneno yaliyozaliwa na vurugu hiyo, ninalolipenda kuliko yote kuwafundishia wanafunzi ni "culprit", maana yake mkosaji. Hapo kale mshtakiwa aliyekana alisema kwa Kifaransa kwamba hana hatia. Karani wa mfalme alimjibu kwa fomula: ana hatia, nami niko tayari kuyathibitisha mashtaka yetu. Kwa kuwa fomula ilirudiwa kila siku, makarani waliifupisha katika madaftari, wakaandika silabi ya kwanza ya neno la hatia, "cul.", na neno la utayari, "prit". Miaka ikapita, Kifaransa kikafa, wakaja makarani wasiojua walichokuwa wakikisoma. Wakadhani kwamba zile herufi ni jina la kumwitia mfungwa. Mwaka 1678, katika kesi ya mauaji iliyomkabili Earl wa Pembroke, neno hilo likaonekana limekwisha geuka hivyo: mshtakiwa anaitwa "Culprit", na kuulizwa atataka ahukumiwe kwa njia gani. Kwa hiyo neno ambalo leo kila gazeti la Kiingereza hulitumia lilitokana na ufupisho wa daftari, nusu yake "hatia" na nusu yake "tayari", na karani ambaye hakuelewa lugha ya mahakama yake mwenyewe.

Tuna bahati nyingine ya kufurahisha katika jina la mahali anaposimama mshtakiwa. Kiingereza huita "dock", neno lililotokana na Kiflemi, na maana yake huko lilikotoka ni tundu la kuku au sungura. Kiswahili husema kizimba, nacho kizimba ni tundu la kufugia kuku. Lugha mbili zisizojuana zilimtazama mtu aliyesimama ndani ya uzio wa mbao zikamfananisha na kuku. Wala si hilo tu. "Jail", ambalo ndilo lililotupa "jela", lilitoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya tundu dogo. Liliingia Kiingereza mara mbili, mara moja kwa matamshi ya Wanormani na mara moja kwa matamshi ya Paris, ndiyo maana hata leo Waingereza wana namna mbili za kuliandika, "gaol" na "jail", na wote hulitamka namna moja. Mwanafunzi anayelalamikia tahajia ya Kiingereza ana haki yake, lakini hapa tahajia imehifadhi historia.

Kadhalika "jury" ni walioapishwa, na "verdict" ni maneno mawili ya Kifaransa yaliyounganishwa, "kusema" na "kweli". Wazee wa jopo huapa, halafu husema kweli. Kabla ya majopo hayo Waingereza walikuwa na kiapo cha moto na maji: mtuhumiwa alishika chuma kilichotiwa motoni, kisha kidonda kikatazamwa baada ya siku 3. Mwaka 1215 baraza kuu la kanisa huko Roma liliwakataza mapadri kushiriki katika viapo hivyo, vikafa, na jopo likachukua nafasi yao. Kiswahili nacho kilikuwa na viapo vya namna hiyo, nasi husema hata leo "kula kiapo", usemi ambao huenda unakumbuka siku ambazo kiapo kililiwa kweli kweli.

Sasa sarufi. Mwalimu akijua kwamba anafundisha Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza, mambo mengi magumu yatakuwa mepesi. Kwa nini Waingereza, ambao hutanguliza sifa mbele ya jina, husema "attorney general", "court martial", "notary public"? Kwa sababu Kifaransa hutanguliza jina. Hapo Mswahili yuko nyumbani: yeye pia husema Mwanasheria Mkuu wala hasemi Mkuu Mwanasheria. Na wingi wa maneno hayo hutiwa kwenye jina, "attorneys general", jambo linalowashinda hata Waingereza wengi, lakini mtu aliyezoea upatanisho wa ngeli atalikubali bila taabu.

Vile vile kuna miisho ya watu wanaotenda na wanaotendwa. Kiswahili hutengeneza watu hao kwa kauli ya kutendwa: mdai na mdaiwa, mshtaki na mshtakiwa. Kiingereza hakikuwa na chombo chepesi cha namna hiyo, kikaazima cha Kifaransa. Mwisho "-or" au "-er" ni wa mtenda, mwisho "-ee" ni wa mtendwa. Hivyo "lessor" hupangisha na "lessee" hupangishwa. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba ile "-ee" ni ndugu wa "-wa" yetu, hatasahau. Lakini aonywe kwamba maneno ya kesi za jinai hayafuati kanuni hiyo: mshtakiwa ni "the accused", yaani kitenzi katika hali ya kutendwa kilichogeuzwa jina, na "defendant" ni mwenye kujitetea, neno ambalo linamwangalia kwa upande wa kitendo chake mwenyewe.

Kuna pia maneno pacha. Wanasheria wa Kiingereza waliposhindwa kuamua kama watumie neno la wenyeji au la mabwana, waliyatumia yote mawili: "goods and chattels", "lands and tenements", "will and testament". La kwanza ni la Kiingereza, la pili ni la Kifaransa au Kilatini, na maana aghalabu ni moja. Sisi tunasema "mila na desturi", moja ya Kiarabu na moja ya Kiajemi, wala hatuoni ajabu. Katika hayo, "chattels" linastahili sentensi moja zaidi: ni neno lile lile moja na "cattle", ng'ombe, lililopitia lahaja mbili za Kifaransa. Kwa wafugaji wetu wengi, ambao wakisema "mali" wana maana ya mifugo, undugu huo hauhitaji maelezo.

Viunganishi vinavyofuata vitenzi havina njia ya mkato, hukaririwa tu. Mtu huwa "accused of", lakini "charged with". "Convicted of", lakini "sentenced to". Kwa wizi tuna msaada kidogo. Mwenye "steal" huiba kitu, mwenye "rob" humwibia mtu kwa nguvu. Kiswahili hutenganisha hayo kwa kuiba na kunyang'anya, na kunyang'anya humtaja mtu kwanza kama "rob" inavyofanya. Anayesema "they robbed my bicycle" amechukua kitenzi cha mtu akakipa kitu. Ama "burglary", tofauti yake na "housebreaking" ni ya saa: kuvunja nyumba mchana ni hili la pili, usiku ni lile la kwanza. Kanuni ya adhabu ya Kenya inaueleza usiku kuwa ni toka saa kumi na mbili na nusu za jioni hadi saa kumi na mbili na nusu za asubuhi. Huko Uingereza, ambako jua la kiangazi huchelewa kuzama, tafsiri hiyo isingefaa.

Maneno hayo yalifikaje kwetu? Hayakuja moja kwa moja kutoka London. Mwanzoni mwa utawala wao Waingereza walizitumia katika Afrika Mashariki sheria za India, hasa kanuni ya adhabu ya mwaka 1860, ambayo mswada wake wa awali uliandikwa na Macaulay. Mwaka 1930, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa kanuni mpya zinazofanana. Chimbuko lake lilikuwa kanuni iliyotungwa na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, na kupitishwa huko mwaka 1899, ambayo ilipitia Nigeria kabla ya kufika kwetu. Kwa ajili hiyo Kiingereza cha mahakama zetu kina mambo ambayo Uingereza yenyewe imeyaacha. Tofauti baina ya "felony" na "misdemeanour" ilifutwa huko kwa sheria ya mwaka 1967. Katika kanuni zilizotokana na ile ya 1930 maneno hayo yaliendelea kuishi. Mwanafunzi anayetumia kamusi iliyochapishwa London aambiwe mapema kwamba lugha ya mahakama ya Soroti si lazima iwe ile ya mahakama ya Manchester.

Nafika sasa penye uzito. Katika kesi za jinai, mshtakiwa husomewa mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Mashtaka yameandikwa kwa Kiingereza, karani huyafasiri, mshtakiwa hujibu, na jibu hufasiriwa tena. Wengi hujibu "ni kweli". Lakini ni nini kilicho kweli? Mtu aliyempiga jirani yake kwa kujihami atasema ni kweli nilimpiga, naye ana mengi ya kuongeza. Karani mwenye haraka ataandika maneno matatu ya Kiingereza, na kesi imekwisha. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliona hatari hiyo zamani. Katika uamuzi wa mwaka 1942, na kwa kirefu zaidi katika ule wa mwaka 1973, ilieleza kwamba kila kiungo cha kosa lazima kielezwe kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa. Kwamba maneno yake yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema. Kwamba asomewe maelezo ya tukio na kupewa nafasi ya kuyakana au kuongeza neno. Na akiyabadilisha, ihesabiwe kwamba amekana. Huo ni mwongozo wa sheria, lakini ukiutazama vizuri ni mwongozo wa ufasiri pia, na ni bora kuliko mingi iliyoandikwa na walimu wa lugha.

Chukua neno kuua. Mswahili husema "nilimuua" kwa aliyekusudia, kwa asiyekusudia, na hata kwa dereva aliyemgonga mtoto aliyekatisha barabara ghafla. Kiingereza kina "kill" lisilohukumu, "manslaughter" na "murder". Mfasiri anayegeuza "nilimuua" kuwa "I murdered him" amekwisha mhukumu mtu kabla ya jaji kuketi. Wenzetu wa Tanzania hutofautisha kwa kusema kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na ufasaha huo ungefaa ufundishwe katika kila shule. Ama "malice aforethought", kiungo kinacholifanya kosa kuwa "murder", linapotosha hata kwa Kiingereza. Msikilizaji hudhani ni chuki iliyopangwa. Kisheria si lazima kuwe na chuki wala mpango. Yatosha mtu awe amekusudia kuua, au amejua kwamba tendo lake yamkini litaleta kifo asijali. Mshtakiwa akiulizwa kama alimchukia marehemu atajibu hapana kwa moyo mweupe, naye hajajibu swali la sheria.

Kuna mtego mwingine mdogo kwa umbo, mkubwa kwa madhara. Wakili humuuliza shahidi kwa namna ya kukanusha: hukumwona mtu huyu sokoni? Mswahili ambaye hakumwona aghalabu hujibu "ndiyo", akikubaliana na kauli ya muulizaji: ndivyo ilivyo, sikumwona. Kiingereza hufuata tendo, wala hakifuati kauli. "Yes" hapo maana yake nilimwona. Shahidi amesema kweli, mkalimani amefasiri neno kwa neno, na kumbukumbu ya mahakama imebeba uongo. Ni heri mkalimani asikubali neno moja. Aombe sentensi nzima.

Katika Uganda mambo haya yana ladha ya pekee. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na polisi tangu siku za ukoloni, na kwa watu wengi wa kusini sauti ya kwanza ya Kiswahili waliyoisikia ilikuwa ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, hasa katika utawala wa kijeshi wa 1971 hadi 1979. Chuki waliyokuwa nayo juu ya lugha hii haikutoka hewani, nasi walimu tusiidharau. Katiba ya mwaka 1995 inamtaka kila aliyekamatwa kwa jinai aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na inampa mkalimani bila malipo. Mabadiliko ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliviweka Kiswahili na Kiingereza sawa kama lugha rasmi, na Tanzania mwaka 2021 ilibadilisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jirani hao wakitunga istilahi zao, sisi tuzichukue, tusianze kubuni nyingine huku Kampala kwa ajili ya fahari.

Darasani, shughuli hii haitaki vitabu vingi. Mwanafunzi mmoja awe shahidi, wa pili mkalimani, wa tatu karani anayeandika Kiingereza tu. Shahidi apewe sentensi moja: "Nilimwona akimpiga." Wanafunzi wengine wasubiri waone kama mkalimani atauliza, kabla ya karani kuandika, kwamba alimpiga kwa nini: kwa ngumi, kwa fimbo, kwa kisu, au kwa risasi.